Wanaosoma Migongo ya Makabati

Mnunuzi wa kawaida akiingia duka la samani za kale mjini London au Paris hutazama uso wa kabati: mng'ao wa vanishi, vishikio vya shaba, mishipa ya mbao iliyopangwa ikatazamana kushoto na kulia. Mjuzi hapo hakawii. Ataomba kabati livutwe kutoka ukutani, atatoa tochi mfukoni, atapiga magoti, na sehemu kubwa ya uchunguzi wake itafanyika mgongoni na mvunguni, mahali ambapo seremala wa mwaka 1700 hakutarajia mtu achungulie. Kazi yake ni kuamua kitu kilitengenezwa wapi, lini, na ikiwezekana na nani, mara nyingi bila hati yoyote, kwa kuangalia jinsi mbao zilivyokatwa, zilivyoungwa na zilivyochakaa. Kila ninavyoielewa kazi hiyo ndivyo ninavyozidi kuwavulia kofia wanaoiweza.

Kuanzia mgongoni kuna sababu. Mtindo huigwa, tena kwa urahisi. Ile miguu iliyopinda na mapambo ya shaba yaliyopakwa dhahabu, mambo ya enzi ya mfalme Louis XV wa Ufaransa, yalirudiwa kwa wingi katika karne ya 19, na wengi wa waliorudia hawakuwa matapeli. Wateja wao walitaka sura ya kifalme na walijua wananunua kitu kipya. Kule Uingereza nako Thomas Chippendale alichapisha kitabu chake kikubwa cha michoro mwaka 1754, na tangu hapo fundi yeyote mwenye nakala aliweza kuchonga kiti cha Chippendale bila kuwahi kuonana naye. Chippendale mwenyewe hakuwa na desturi ya kutia alama kazi zake. Zile zinazojulikana kwa hakika kuwa zimetoka kwenye karakana yake zinajulikana kwa sababu ankara zimehifadhiwa katika majumba kama Harewood na Nostell huko Yorkshire. Hivyo mtu anayetazama umbo la kiti kisha akalitamka jina la Chippendale amekisia tu.

Tuchukue kabati moja la droo la Kiingereza, la mti wa mjozi, linalodaiwa kuwa la mwaka 1700 hivi. Mjuzi huitoa droo moja yote, akaigeuza juu chini. Kwanza huangalia pembe, pale ubavu unapokutana na ubao wa mbele. Kiungo cha hapo ni meno yaliyokatwa kwa msumeno mdogo na kumaliziwa kwa patasi, mapana nchani na membamba shinani, yakaumana ili droo isichomoke uso ikivutwa. Katika kazi ya miaka hiyo meno ni machache na manene, na hayalingani. Moja pana, la pili limepinda kidogo, la tatu fundi alipitiliza msumeno kwa unywele mmoja. Mstari uliokwaruzwa kwa ncha ya chuma, alioujiwekea ili ajue patasi iishie wapi, bado upo, na ukiupitishia ukucha utausikia. Kadiri karne ya 18 ilivyosonga mbele, mafundi wa Kiingereza walizidi kuyafanya meno hayo kuwa membamba na mengi, hadi kufikia ustadi ambao majirani zao wa bara hawakuusumbukia kwa kiasi hicho. Meno yakiwa sawasawa yote kwa unene na kwa nafasi, hiyo ni mashine, na mashine hizo ziliingia kazini katika nusu ya pili ya karne ya 19.

Kisha sakafu ya droo. Hadi miaka ya 1730 hivi, mafundi wa Uingereza waliulaza ubao wa chini nyuzi zake zikitoka mbele kwenda nyuma. Baada ya hapo desturi ikageuka, nyuzi zikaenda kutoka ubavu huu hadi ubavu ule. Hakuna mteja aliyewahi kuomba badiliko hilo, na wengi hawakuliona maisha yao yote. Lilikuwa jambo la ndani ya karakana, kati ya fundi na mwanafunzi wake, na ndiyo maana mjuzi huliamini kuliko nakshi za mbele.

Halafu uchakavu. Droo iliyovutwa na kusukumwa kwa miaka 300 hula mbao. Ukingo wa chini wa ubavu hupungua, hasa kuelekea nyuma, na reli iliyoubeba ndani ya kabati huchimbika mfereji. Viwili hivi ni mume na mke, lazima vifanane kwa mikwaruzo yao. Droo iliyolika ndani ya kabati lenye reli nzima imetoka kwingine. Vivyo hivyo vishikio. Vile vya mwaka 1700 vilining'inia kwa waya wa chuma uliopenyezwa kwenye tundu moja na kukunjwa kwa ndani. Vya baadaye vilishikwa kwa boliti mbili na nati zake. Kabati lililobadilishiwa vishikio, na karibu yote yalibadilishiwa, litakuwa na matundu ya zama mbalimbali, mengine yamezibwa. Hilo si kosa. Kosa ni matundu ya zamani kuonekana kwa ndani ilhali usoni hayana alama hata ya kuzibwa: uso huo umebandikwa vinia mpya, yaani ubao mwembamba wa kufunikia, na mwenye kabati hakukuambia.

Mbao za ndani, ambazo hazikupakwa kitu, zinapaswa kuwa kavu, zimefifia, nyeusi zaidi pale hewa na mikono ilipofika na nyeupe zaidi pale palipofunikwa. Ukikuta rangi imepakwa mahali ambapo fundi wa kale asingekuwa na sababu ya kupaka, rudi nyuma hatua moja na uulize inaficha nini. Hii ndiyo dalili inayonitisha kuliko zote, na nadhani wengi wa kazi hii wangekubaliana nami.

Swali la nchi hujibiwa kwa mbao, lakini mara nyingi ni zile zisizoonekana. Mbao za ghali zilisafiri dunia nzima. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru kwa mbao zilizotoka makoloni ya Amerika, na mahogani ya Jamaika, na baadaye ya Kuba na Honduras, ikaanza kumiminika London. (Mahogani hiyo ni ya ukoo mmoja na mkangazi wetu, ingawa ni miti ya jenasi tofauti; ndiyo maana mkangazi nao huuzwa nje kwa jina la mahogani ya Afrika.) Mjozi nao ulikuwa umeadimika: baridi kali ya mwaka 1709 iliua miti mingi ya mijozi barani Ulaya, na mwaka 1720 Ufaransa ikazuia kuuza mbao zake nje. Kwa hiyo mahogani kwenye kabati la Kiingereza hudokeza kwamba tuko baada ya miaka ya 1720, lakini haisemi kabati ni la Kiingereza, kwa kuwa Wafaransa, Waholanzi na Wadenmaki nao waliipenda.

Mbao za ndani ndizo zilizobaki karibu na nyumbani. Hakuna fundi aliyelipia ghali meli ilete ubao wa kufichwa nyuma ya droo kama msitu wa jirani ulimpa wa bei nafuu. Waholanzi walipenda kutumia mwaloni chini ya vinia. Waingereza walichanganya mwaloni kwenye droo na msonobari kwenye mwili wa kabati, na msonobari mwingi ulitoka nchi za Baltiki, ambako meli zilitoka kwa wingi na kwa bei ndogo. Kusini mwa Ujerumani msonobari na jamaa zake hutawala. Kabati lenye tumbo lililofura na vinia nene za mjozi unaweza kulidhania la Kiholanzi kwa mbali. Ukilipindua ukakuta chini ya vinia kuna mpopla, mbao laini nyeupe isiyo na heshima popote, safari yako sasa inaelekea Italia. Ninachokipenda hapa ni kwamba mtu anaweza kuzijua nchi za Ulaya kwa mbao zao za bei rahisi.

Seremala yeyote wa Keko pale Dar es Salaam anajua kwamba ubao hausinyai sawasawa. Kwa urefu wa nyuzi haupungui kitu cha kuonekana. Kwa upana hupungua, na huendelea kucheza na majira ya mwaka hata baada ya kukauka. Wajuzi wa samani wamelifanya jambo hilo kuwa kipimo. Meza ya duara iliyotengenezwa miaka 250 iliyopita haiwezi kuwa duara leo. Wanaipima kwa futi kamba, mara moja kufuata nyuzi na mara moja kuzikata, na tofauti inaweza kufika sentimita moja au zaidi. Meza "ya kale" ambayo ni duara kamili ina maswali ya kujibu. Kwenye viti vilivyoshikwa kwa vigingi vya mbao jambo hilohilo huonekana kwa udogo zaidi: mguu uliozunguka kigingi umesinyaa, kigingi chenyewe kwa urefu wake hakikusinyaa, basi kichwa chake kimechomoza kiasi cha unene wa karatasi. Jicho linaweza kukosa. Kidole hakikosi, na utawaona wazee wa kazi hii wakipapasa mguu wa kiti huku wakizungumza mambo mengine kabisa.

Bungua nao wana ushahidi wao. Watu wengi huona matundu ya bungua wakadhani ni cheti cha ukale, na wako waliozitoboa mbao mpya kwa makusudi hayo. Mdudu huyu lakini ana mwenendo wake. Buu hula ndani kwa ndani, akijichimbia njia zinazopindapinda, na kinachoonekana nje ni tundu dogo la duara alilotokea akiwa mdudu kamili. Ubao ukionyesha njia zenyewe juu ya uso, mifereji mirefu iliyo wazi, maana yake ubao huo ulikuwa mnene zaidi wakati bungua wakiula, kisha mtu akaupasua au kuupiga randa. Yaani ni mbao ya kale iliyochongwa upya. Pengine ni matengenezo halali ya mguu uliooza. Pengine kabati zima limezaliwa juzi kutokana na sakafu ya nyumba iliyobomolewa.

Alama za zana nazipitia haraka kwa sababu ziko kwenye kila kitabu cha wanaoanza. Msumeno wa mkono huacha mistari iliyonyooka isiyolingana. Msumeno wa duara, ulioenea katika karne ya 19, huacha matao. Vinia za kukatwa kwa mkono zilikuwa nene, milimita moja na nusu au zaidi, ilhali za mashine ni nyembamba kama karatasi ngumu. Parafujo za kabla ya katikati ya karne ya 19 ni butu mwishoni, na mfereji wa kichwani mara nyingi haukukaa katikati. Yote ni kweli na yote ni dhaifu yakisimama peke yake, kwa sababu parafujo ya kale huuzwa, na mtu mwenye subira anaweza kununua kisanduku kizima.

Paris inastahili kukaliwa zaidi, maana huko fanicha huzungumza kwa maandishi. Kanuni za chama cha maseremala wa jiji hilo, zilizoandikwa mwaka 1743 na kuanza kutumika rasmi mwaka 1751, zilimtaka kila fundi mkuu kugonga jina lake kwa chuma kwenye kazi yake. Wakaguzi wa chama walizunguka karakana, na kazi waliyoridhika nayo ikapata alama ya pili, herufi JME. Utaratibu huo ulikufa pamoja na vyama vyenyewe mwaka 1791, katika Mapinduzi ya Ufaransa. Zaidi ya hapo, kati ya mwaka 1745 na 1749 mapambo ya shaba yaliyouzwa yalitozwa kodi na kugongwa herufi C yenye taji, kwa hiyo alama ndogo kuliko ukucha wa mtoto humbana mtafiti ndani ya miaka minne, ingawa hata shaba kuukuu iliyouzwa tena wakati huo iligongwa.

Inaonekana rahisi hadi uanze kugeuza vitu. Mafundi wa mfalme walisamehewa muhuri, na mafundi wengi huru wa mtaa wa Faubourg Saint-Antoine hawakuufuata. Wengine waliofanya matengenezo waligonga majina yao kwenye kazi za watu. Na kulikuwa na muhuri mmoja uliowatesa wataalamu kwa miongo: B.V.R.B. Herufi nne tu, kwenye baadhi ya makabati mazuri kuliko yote ya karne ya 18, yaliyovikwa mbao za laka kutoka Japani au vigae vya kaure vya Sèvres. Watu waliyakusanya makabati hayo, wakayalinganisha, wakaweza kuutambua mkono wa fundi wake hata pasipo muhuri, lakini mwenye mkono hawakumjua. Jina lilipatikana mwaka 1957 kwenye nyaraka: Bernard van Risenburgh, seremala wa Paris mwenye asili ya Uholanzi. Fikiria ustahimilivu huo, kumfahamu mtu kwa namna anavyopinda shaba kwenye kona ya mguu, karibu miaka mia mbili baada ya kufa kwake, kabla hujajua anaitwaje.

Samani za kifalme zilikuwa na alama ya tatu, namba zilizopakwa kwa brashi chini au nyuma, zilizolingana na madaftari ya stoo ya mfalme yaliyoanza karne ya 17. Mapinduzi yalipouza vitu vya Versailles kwa mnada, kuanzia Agosti 1793 hadi Agosti 1794, zaidi ya mafungu 17,000 yalitawanyika duniani. Katika karne ya 20 mhifadhi wa Kifaransa Pierre Verlet aliyachambua madaftari hayo mstari kwa mstari, akilinganisha namba na maelezo, na kabati lililokaa kwa mtu fulani nchini Uingereza au Marekani likapata tena chumba lilichotokea na siku lilipopelekwa. Sijui kazi ya kumbukumbu iliyonifurahisha kuliko hiyo.

Ujuzi wa namna hii una upande wake mbaya. Bill Pallot, mwandishi wa kitabu kinachotegemewa sana kuhusu viti vya Ufaransa vya karne ya 18, alishirikiana na mchongaji hodari, Bruno Desnoues, kutengeneza viti vya uongo vilivyodaiwa kuwa vya Madame du Barry, kipenzi wa Louis XV, na vya malkia Marie Antoinette. Walijua mbao gani itumike, muhuri gani ugongwe, daftari gani lina pengo la kujazwa. Ikulu ya Versailles yenyewe ilinunua. Mwanamfalme wa Qatar alilipa euro milioni 2 kwa viti viwili ambavyo Ufaransa ilikuwa imevitangaza kuwa hazina ya taifa mwaka 2013. Kesi ilisikilizwa Pontoise, na Juni 2025 wote wawili walitiwa hatiani. Aliyewashtukia mapema ni mfanyabiashara Charles Hooreman, aliyekuwa mwanafunzi wa Pallot. Alieleza kwamba aliulamba ubao wa kiti, akaonja ladha ya urukususu, ule mzizi mtamu, uliotumika kuyapa maungo mapya uchafu wa miaka mia mbili. Baadhi ya magazeti yalilichukulia kama kichekesho. Mimi naona huo ndio ufundi wenyewe ulipofika kileleni: hati zote zimesema ndiyo, majumba ya makumbusho yamesema ndiyo, na mtu mmoja ameuamini ulimi wake.

Maabara husaidia, ila kwa mipaka. Mwaloni wa Baltiki una pete za mwaka zinazoweza kulinganishwa na orodha ndefu za miti ya eneo hilo, na jibu likatoka kwa mwaka kamili. Mwaka huo ni wa pete ya mwisho iliyobaki tu. Fundi alikuwa ameparua gome na mbao changa chini yake, kisha ubao ukakaa ukikauka, kwa hiyo maabara inasema kabati halikutengenezwa kabla ya mwaka fulani na hapo inanyamaza. Mahogani ya nchi za joto haina pete za kutegemeka kiasi hicho. Basi tunarudi kwenye magoti na tochi.

Ninachowaheshimia zaidi wajuzi hawa ni ulimi mzito. Soma maelezo ya mnada mzuri uone wanavyopima maneno: "ya fundi fulani", "inahusishwa na fundi fulani", "kwa namna ya fundi fulani", "sehemu zake ni za baadaye". Kila hatua kati ya maneno hayo inaweza kuwa maelfu ya pauni, na mwenye kuandika anajua muuzaji angependa apande ngazi moja. Mjuzi mbaya hupata jibu kabla ya kufungua droo, halafu hutafuta ushahidi wa kulitetea. Mzuri hungoja mbao, meno, matundu, uchakavu na shaba vikubaliane, na kimoja kikikataa huandika kwamba kimekataa.

Kwa anayetaka kujifunza, wakati ni huu. Tangu mwanzoni mwa karne hii bei za samani za kawaida za mahogani na mjozi zimeporomoka vibaya Uingereza. Watu wanataka fanicha nyepesi za rangi ya kung'aa, na kabati la droo la karne ya 18 lenye ufa na mguu uliobadilishwa huweza kuuzwa mnadani kwa bei ya chini kuliko kabati jipya la dukani. Nyumba za mnada huweka siku za kutazama kabla ya mauzo, kuingia ni bure, na kushika kunaruhusiwa, tofauti na makumbusho. Kama unaishi London, Birmingham au Amsterdam, nenda siku hizo na uwaulize wahudumu maswali. Watakujibu, na usiponunua hakuna atakayekudai kitu.